Namba 82

Kemia ya kidato cha pili hukomea kwenye kalsiamu. Hiyo ni elementi ya 20, na ukishaikariri pamoja na zile 19 za kabla yake, mwalimu ameridhika. Risasi iko mbali kule chini kwenye jedwali la elementi, namba 82, na haiulizwi.

Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyelitoa jedwali lake mwaka 1869, hakudanganywa na sura. Alizipanga elementi 63 kwa uzito, lakini uzito ulipogongana na tabia, alifuata tabia: teluriamu akaitanguliza mbele ya ayodini, japo ni nzito zaidi. Mahali pengine aliacha nafasi wazi. Mojawapo ilikuwa chini ya silikoni, katika safu hiyohiyo ya risasi. Akasema atakayekaa hapo uzito wake utakuwa kama 72. Mwaka 1886 Clemens Winkler akamwona huko Ujerumani, jemaniamu, na uzito ulikuwa karibu huohuo. Mgeni alijulikana kabla ya kupiga hodi.

Owino Uhuru, Mombasa, upande wa Mikindani karibu na Changamwe, mgeni aitwaye risasi aliingia bila kuulizwa tabia. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa makazi ya watu wapatao 3,000. Vijana wakapata vibarua. Moshi ulipotanda watu walikohoa, wakaziba pua. Ulipopungua, watoto wakarudi kucheza mchangani. Hapo ndipo penye kosa, na silioni kuwa la wenyeji peke yao. Vumbi la risasi halinuki. Hutua kimyakimya kwenye mchanga, mchanga ukashika vidole, vidole vikaenda kinywani.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009, kazi yake kuwa kiungo na wenyeji. Mwanawe mchanga akashikwa na homa isiyosikia dawa. Akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, wapi! Damu ilipopimwa risasi, ikaonekana.

Sasa tazama tabia yenyewe. Mwilini risasi hujifanya kalsiamu. Zote mbili hutoa elektroni mbili, na mwili, usio na jedwali ukutani, huikaribisha hadi kwenye mifupa na ubongo. Mifupani hukaa miaka na miaka. Mama akibeba mimba au akinyonyesha, mifupa yake humtolea mtoto kalsiamu, na risasi hufuatana nayo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kufikia hapo, mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ambao tanuru liliwashwa alikuwa ametimiza miaka 17. Kama alibahatika kusoma, kemia ya kidato cha pili alikuwa ameshaimaliza, mpaka kalsiamu.