Mpeni Mwenyewe Aishike

Wanangu, mkimnunulia mzee simu, mwacheni aishike mwenyewe. Hapa Unguja nakuta nyumba nyingi simu ni ya bibi, laini imesajiliwa kwa jina la bibi, lakini mjukuu ndiye anayepiga, anayepokea na anayetoa pesa. Bibi anaambiwa tu, "Ami kutoka Maskati anakusalimu." Mama hatosheki na salamu za kusimuliwa. Anataka kumwona mwanawe uso kwa uso, ajue kama amekonda.

Msidhani kinachowakwamisha wazee ni akili. Mara nyingi ni vidole. Mwanamke aliyepiga makumbi na kusuka ukili tangu utotoni, ncha za vidole vyake zimekauka, kioo hakimsikii. Akigusa pasitokee kitu, anakandamiza na kubaki palepale. Simu inadhani anataka jambo jengine, alama ya WhatsApp inahama mahali pake. Hapo mjukuu anamnyang'anya: "Bibi, utaiharibu!" Hajaharibu kitu. Ingieni kwenye mipangilio, mrefushe muda wa kubonyeza ili simu imsubiri. Kuzeni herufi. Ondoeni takataka zote usoni mwa simu, zibaki alama nne tano anazozihitaji, na wala msizihamishe tena, maana mzee hukariri mahali.

Kisha mfundisheni ujumbe wa sauti. Mzee huzungumza kwa kituo, akifikiri anainua kidole, na ujumbe unaondoka nusu. Mwonesheni namna ya kukisukuma kile kipaza sauti juu mpaka kijifunge, halafu azungumze kwa raha zake, aulize hali za watoto mmoja mmoja. Na kuna jambo vijana wengi hawalikumbuki: mzee ambaye hakukaa skuli hata siku moja, pengine alihitimu chuo cha Kurani na anasoma Kiarabu bila kukwama. Wekeni kibodi ya Kiarabu kwenye simu yake. Babu zetu wa pwani hii waliandika barua za Kiswahili kwa herufi hizo kwa karne nyingi, naye ataandika chake kwa herufi hizo hizo.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu upweke unaua wazee wetu na hatuuoni. Magoti yakishachoka, mtu haendi tena maulidini, haendi kumjulia hali shoga yake Pemba, msiba anausikia umeshapita. Simu haimrudishii magoti, lakini inamrudishia watu wake. Bibi aliyekuwa akishinda kitandani ameelekea ukutani, sasa baada ya alasiri anawasha kisomo anachokipenda, kisha anampigia mwenziwe wabishane nani alikuwa kungwi wa harusi ya fulani. Usiku anakula.

Afya nayo imo humo. Wekeni kengele ya dawa ya presha, na ilie kwa sauti anayoijua. Kama kuna kipimo nyumbani, apumzike kwanza dakika chache, apime, apige picha zile namba, ili siku ya kliniki daktari aone mwenendo wa siku nyingi badala ya kipimo kimoja cha asubuhi ya foleni. Lakini kaeni naye pia juu ya zile jumbe zinazozunguka, kwamba majani fulani yanamaliza sukari na dawa za hospitali zitupwe. Mzee huamini kwa kuwa kamletea mtu anayemheshimu. Msimcheke. Mwambieni aulize kabla hajaacha kidonge.

Pesa ndiyo nyeti kuliko yote. Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa waliofika miaka 70, wapo bibi walioshika kwa mara ya kwanza pesa ya kila mwezi iliyo yao. Pesa hiyo ikiingia kwenye simu, namba ya siri ni ya mwenye pesa. Si ya mjukuu, si ya mkwe, hata awe mwema namna gani. Mzee ajue mwenyewe kwamba hakuna mtu wa kampuni ya simu atakayempigia kumwomba namba hiyo, na kwamba ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" ni wa tapeli; namba ya tapeli huyo airipoti kwa kuituma kwenda 15040. Akishaibiwa, msimgombeze, kwani mzee aliyegombezwa safari ya pili huficha.

Basi Ijumaa mkija kumwona, kaeni naye mkekani, mikono yenu iwe mapajani. Mwacheni atafute jina mwenyewe, hata kama anachukua muda mpaka chai inapoa. Akikusudia kumpigia mwanawe akaangukia kwa shoga yake wa Makunduchi, waacheni wazungumze.