Siri ya dawa ni mali ya nani?

Kwetu Bushi, mama mwenye mutoto anayeumwa tumbo hamuitake mganga kwanza. Anachuma mubirizi nyuma ya nyumba, anautwanga, anakamua maji yake machungu. Mubirizi (Vernonia amygdalina) hauna mwenyewe. Hata kule Mahale, ngambo ya ziwa Tanganyika, sokwe-mtu mgonjwa alionekana akitafuna shina lake na kunyonya maji. Wachunguzi waliandika habari hiyo mwaka 1989. Mzee gani basi atasema ni siri ya ukoo wake?

Lakini kuna dawa zinazofichwa. Ndugu msomaji, unajua inavyokuwa: mzee anaenda porini asubuhi bila kusalimia mtu, anarudi na maganda mfukoni, anayatwanga mlango umefungwa. Sisi tuliosoma tunasema haraka: ni choyo, anatafuta mbuzi na pombe. Mimi pia nilifundisha vile. Na choyo iko kweli. Bibi yangu alikuwa na dawa ya kuungua moto, watu waliifuata toka mbali. Alikufa, sisi wajukuu tukabaki na jina la muti tu, hatujui kama ni jani ao mzizi.

Ila Prunus africana ndiyo iliyonigeuza mawazo. Ni muti wa milima yetu ya Kivu. Tangu miaka ya 1970, Ulaya wanatengeneza na maganda yake dawa ya wanaume wazee wanaosumbuliwa na prostati. Wanunuzi walipofika milimani, watu walichuna muti kuzunguka wote, wengine waliuangusha ili wafikie maganda ya juu. Muti uliochunwa pande zote unakauka. Mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu miti ilikuwa inakwisha.

Bibi alichuna namna gani? Kidogo upande jua linapotokea, kidogo upande linapotua, basi. Nilimuuliza sababu, akanijibu: «Muti nao uko na ngozi.» Leo wataalamu wa misitu wanafundisha karibu jambo lile lile: chuna robo mbili zinazoelekeana, acha robo mbili, ngoja miaka mpaka maganda yarudi.

Kwa hiyo kilichotembea mpaka Ulaya ni jina la muti na kazi yake. Kipimo kilibaki kwa wazee. Anayetoa jani bila kipimo ametoa nusu, na nusu ya dawa inaweza kuwa sumu, kwa mgonjwa na kwa muti. Ndiyo maana silaumu tena mlango uliofungwa. Namlaumu yule asiyemchagua hata mtu mmoja wa kumfungulia.

Mwaka jana niliwaomba wanafunzi waandike miti ya dawa ya babu zao. Mmoja alirudisha karatasi nyeupe. Babu yake alimwambia: «Kwanza tutembee wote mu pori miezi tatu, njo utaandika.» Wenzake walicheka. Sikumuwekea zero. Nilimwambia aende.