Saa Mbili ya Nani?

Wanangu mnaoandika programu, nimo kwenye kazi hii tangu enzi za disketi, na kuna jambo linalonitia hofu kila nikipita nyuma ya viti vyenu. Hitilafu ikijitokeza, vidole vinatangulia kichwa. Mnafungua msimbo palepale, mnaongeza sharti hapa, mnabadilisha namba pale, mnajaribu, mnaongeza tena. Ikikubali, mnasonga mbele bila kujua kwa nini imekubali. Nawaonya kwa sababu gharama yake nimeiona, na safari moja nilipitisha marekebisho ya namna hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuliwahi kutengeneza mfumo wa kuwakumbusha kina mama miadi ya kliniki ya watoto. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: muuguzi anaingiza tarehe na saa, na siku moja kabla, saa ileile, simu ya mama inapokea ujumbe. Wiki ya kwanza haijaisha, malalamiko yakaja. Simu zinalia usiku wa manane, watoto wanaamka, waume wanauliza ni nani anayetuma ujumbe wakati huo. Kijana wetu mmoja, hodari kweli, akaikagua seva. Seva ilikuwa Ulaya, na saa yake ilikuwa nyuma ya yetu kwa saa tatu. "Nimeshaipata, mzee," akaniambia, akaongeza saa tatu. Nikaangalia, nikaona hoja inaingia akilini, nikaipitisha.

Usiku uliofuata ujumbe ulifika saa kumi na moja alfajiri. Akaongeza tatu nyingine. Sasa baadhi ya kina mama wakaupata saa mbili asubuhi kama ilivyotakiwa, na wengine saa nane mchana. Tofauti ya saa sita! Ni Mswahili gani asiyeijua tofauti ya saa sita? Lakini tulikuwa tumeuinamia msimbo, na ndani ya msimbo hamna Mswahili, mna namba tu.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni binti mgeni kazini, ambaye kazi hiyo hata hakuwa amepewa. Alipanda daladala akaenda kliniki, akaomba kiti nyuma ya muuguzi wa mapokezi, akakaa asubuhi nzima kimya. Akamsikia muuguzi akimwambia mama, "Njoo Alhamisi saa mbili asubuhi," huku kidole kikibonyeza 2. Kompyuta ikaipokea kuwa saa nane usiku. Muuguzi aliyempokea zamu alizoea kufuata saa ya simu yake. Alitamka saa mbili hiyohiyo, akabonyeza 8. Wote wawili walisema kweli. Hapakuwa na hesabu ya kuongeza wala kupunguza ambayo ingewapatanisha. Tulichofanya ni kubadilisha skrini: muuguzi achague kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha mfumo umjibu kwa maneno, saa mbili kamili asubuhi, naye athibitishe.

Kijana alikuwa amefikiri kama fundi: ndani ya mashine kimeharibika nini? Binti akajiuliza, mtu huyu anadhani anaiambia mashine nini? Maswali yote mawili ni ya kazi yetu. Ipo siku seva ndiyo itakayokuwa na kosa, na kwenda kukaa kliniki hakutasaidia kitu. Ninachowaogopea ni kuishi na swali moja tu, na kulipenda kwa sababu jana lilileta jibu.

Sisi tuliwaharibia watu usingizi. Kwingine wapo waliopoteza maisha. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Hospitali zililalamika, watengenezaji wakajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Mashine za kabla yake zilikuwa na kinga za vifaa zinazozuia mionzi hata programu ikikosea. Katika hii kinga hizo ziliondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Sasa angalieni jinsi kosa lilivyopatikana. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji wa mashine alikuwa ameshaizoea kazi. Akikosea herufi, anarudi juu, anaisahihisha, anaendelea, yote kwa sekunde chache. Mashine nayo ilihitaji kama sekunde nane kupanga sumaku zake, na sahihisho likiingia ndani ya sekunde hizo, sehemu ya programu haikulisikia. Mwanafizikia wa hospitali alikaa na mwendeshaji huyo, wakarudia na kurudia mpaka hitilafu ikatokea mbele ya macho yao. Mhandisi wa kampuni alishindwa kuirudia, mpaka alipoambiwa achape haraka. Alikuwa akichapa kama mkaguzi. Hakuwa amechapa kama mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Mnaopenda kunakili msimbo kwa sababu "kule unafanya kazi," someni habari za roketi ya Ariane 5. Ilirushwa tarehe 4 Juni 1996 ikiwa na sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, ambako haikuwa imeleta shida. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Namba moja ikavuka 32,767, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa nafasi iliyotengewa, na kabla ya sekunde 40 za safari kutimia chombo kilikuwa kinavunjika angani. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote tena baada ya roketi kuondoka ardhini.

Kwa hiyo kaeni na watu wasiofikiri kama ninyi. Mimi nimefundishwa mengi na wahasibu. Mnapoandika mfumo wa kutuma pesa, ninyi mnauliza kama ombi limefika. Mhasibu anauliza shilingi hii imetoka wapi na imeingia wapi, na hatulii mpaka pande zote mbili zilingane. Mtandao ukikatika katikati, mteja akabonyeza tena kwa wasiwasi, swali la mhasibu ndilo litakalowazuia kumkata mtu pesa mara mbili.

Na kuna nyakati dawa ni kufunga kompyuta. Edsger Dijkstra aliibuni njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote mwaka 1956, akiwa na mchumba wake, wamepumzika kwenye mgahawa mjini Amsterdam baada ya kuzunguka madukani. Ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Baadaye alieleza kwamba kukosa karatasi kulimlazimisha kuepuka ugumu usio wa lazima. Nyakati nyingine dawa ni kupunguza: mkibanwa na kosa lililoingia mahali fulani katika mabadiliko 1,000, msiyasome moja baada ya jingine. Gaweni katikati, mjaribu, mtupe nusu nzima, na kwa majaribio kama 10 mtakuwa mmelishika. Hizo ni akili mbili tofauti kabisa, na zote zinafundishika.

Siku hizi mnaye msaidizi mwingine, akili mnemba, anayejibu kabla hamjamaliza kuuliza. Sikatazi kuitumia. Lakini mkiipelekea swali la fundi, itawapa jibu zuri la fundi. Lau kijana wetu angekuwa nayo wakati ule, ingemwandikia vizuri sana namna ya kuongeza saa tatu. Isingepanda daladala.

Juu ya meza yangu nimebandika kipande cha karatasi ambacho muuguzi yule wa kwanza alimwandikia binti yetu, kumwonyesha anavyofanya. Kina maneno mawili tu: "Saa 2." Mtu akiniletea hitilafu, humwomba kwanza akisome kwa sauti, kisha namuuliza ni saa mbili ya nani. Juzi kijana mmoja alinyamaza, akakitazama tena, akafunga kompyuta yake na kuniomba nauli.