Udhuru Waondoa Nini, na Wasaza Nini?

Ndugu zetu wanaohudhuria darasa wametuuliza zaidi ya mara moja khabari ya udhuru. Mtu akifanya jambo la kudhuru, kisha ikabainika kuwa alikuwa na njaa, au alikuwa na khofu, au hakujua, au alishurutishwa, je, lawama yamwondokea yote, au yapungua, au yabaki vile vile? Tulikuwa tukijibu kwa ufupi, kama ilivyo ada ya mwalimu aliyechoka jioni, mpaka likatukia jambo lililotuonyesha kuwa jibu letu lilikuwa na upungufu.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana mmoja wa mtaani petu ni dereva wa matatu. Asubuhi moja alimwambia mwenye gari kuwa breki zashika kwa tabu, na kuwa gari lataka kwenda kwa fundi. Mwenye gari akamjibu kuwa fundi atalitazama Ijumaa, na ikiwa yeye haliwezi gari, wako wengi walitakao. Kijana huyu ana mke na watoto wawili, na kodi ya nyumba ilikuwa imepita siku zake. Akalitwaa gari akaenda. Siku ya pili, kwenye mteremko, breki hazikushika, na mtoto wa miaka saba aliyekuwa akitoka chuoni akafa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Watu wakawa makundi mawili. Kundi moja lilisema huyu ni muuaji, na anyongwe. Kundi la pili, na hao ndio waliokuwa wengi, lilisema hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hapana wa kulaumiwa. Mwenye gari akapeleka mbuzi na gunia la mchele kwa ajili ya khitma. Watu wakasoma, wakala, wakatawanyika. Nasi tulikuwapo, na tuliombwa tuseme neno. Tukasema kuwa dereva hakukusudia, na asiyekusudia hana dhambi ya kuua. Tukawausia watu wasubiri na wasameheane. Tukaleta Fatiha.

Baada ya siku tatu mama wa mtoto alitutumia mtu, tukaenda. Alisema nasi akiwa nyuma ya pazia, wala sauti yake haikuwa na ghadhabu. "Sheikh wetu," akasema, "mimi sikuuliza kama huyo kijana ataingia motoni. Hilo ni la Mungu. Mimi nataka kujua ni nani aliyejua kuwa gari lile ni bovu, na alipojua alifanya nini." Hatukuwa na jibu. Twakiri hapa mbele ya wasomaji wetu kuwa tulitoka nyumbani mle tumeinamisha vichwa.

Tuliporudi vitabuni tuliona kosa letu liko wapi. Tulikuwa tumechukua hukumu ya jambo moja, nalo ni dhambi, tukaitandaza juu ya mambo yote. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amebainisha hukumu ya mwenye kumuua Muumini kwa kukosea. Hakumwekea kisasi, wala hakumwahidi moto kama alivyomwahidi mwenye kuua kwa kusudi. Hilo ndilo tulilolisema siku ya khitma, nalo ni kweli. Lakini aya haikuishia hapo. Imewajibisha diya ikabidhiwe watu wa marehemu, ila wenyewe wakisamehe. Na imemwajibisha aliyeua kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Basi tazameni: mtu hana dhambi ya kuua, na juu ya hayo afunga siku sitini. Kwa nini? Twaona, na Mungu ndiye ajuaye zaidi, kuwa roho imetoka kupitia mkono wake, na haifai mwenye mkono ule aamke kesho yake kama kwamba halikuwa neno. Na msamaha uliotajwa katika aya ni wa wenye kufiwa. Sisi tuliowahimiza watu wasameheane kabla wenyewe hawajaulizwa, tulikuwa tukitoa sadaka kwa mali ya mwenzetu.

Maulamaa wa fikihi wameliweka jambo hili katika kanuni iliyo mashuhuri: dharura ya mtu haibatilishi haki ya mtu mwingine. Aliyepotea mwituni akakaribia kufa kwa njaa, akakuta chakula cha mtu, ale, wala hana dhambi. Hata akijizuia mpaka akafa amekosa. Lakini thamani ya chakula kile ni deni juu yake. Njaa imemwondolea dhambi, haikumfuta mwenye chakula.

Hilo ni la upande wa aliyedhuriwa. Lakini mama yule aliuliza la pili, nalo ndilo tuliloliona zito zaidi: udhuru huu ni nani aliyeutengeneza? Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kisa cha watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa. Waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Khabari ikafika kwa Sayyidna Umar (r.a.), akaamuru wakatwe mikono. Kisha akasita. Akamgeukia bwana wao, akamwambia kuwa yeye amwona kama kwamba awatia njaa watu wake. Akamwuliza mwenye ngamia thamani ya mnyama wake, akasema alikuwa akikataa kumwuza kwa dirham 400. Sayyidna Umar akamtoza Hatib dirham 800. Mikono ya watumwa ikasalimika, mwenye ngamia akapata haki yake na zaidi, na aliyetozwa ni yule ambaye hakuigusa kamba ya ngamia kwa mkono wake.

Twataja, kwa uaminifu wa ilimu, kuwa Imam Malik mwenyewe baada ya kukipokea kisa hiki alisema kuwa kule kuzidisha thamani mara mbili siko kunakofuatwa. Kinachotozwa ni thamani ya mnyama. Lakini lililotupendeza sisi ni kule kugeuka kwa Sayyidna Umar. Hakusema, "Masikini, wana njaa, waacheni," akaishia hapo, kama tulivyofanya sisi. Lawama aliyowaondolea hakuitupa baharini. Aliifuata mpaka akaukuta mlango ilikotokea njaa, akabisha hodi. Na mwenye mlango ule hakuwa mtu wa barabarani. Alikuwa Sahaba aliyepigana vita vya Badri.

Ama wale wanaosema kadari, hao twawaambia kuwa wamelitumia neno tukufu kwa kazi isiyokuwa yake. Karibu ya mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Sham; alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuwa tauni imeingia katika nchi. Akashauriana na watu, akaazimia kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa ndiyo, aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Basi ikiwa Khalifa, pamoja na imani yake, ameiona hatari akageuza msafara mzima, mwenye gari la abiria atawezaje kuijua hatari, akaiacha mpaka Ijumaa, kisha mtoto akifa aseme Mungu ndiye aliyetaka? Kadari ni ya kumliwaza aliyefiwa. Haikuwekwa iwe ngao ya aliyezembea.

Na hatari hupimwa kwa yale yaliyojulikana kabla, si kwa yale yaliyotokea baadaye. Siku ya kwanza gari lile lile, na breki zile zile, lilikwenda na kurudi salama. Dereva akala chakula cha jioni akalala. Je, siku ile hakuwa na kosa? Sisi twasema kosa lilikuwa limekwisha timia siku ile ile. La siku ya pili ni msiba uliolifichua, na diya iliyowajibika kwa sababu yake. Watu wa Mombasa hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka na watu 272 wakafa, nacho kilikuwa kimepakia kupita kiasi chake. Wako waliojua siku zilizotangulia kuwa watu huzidi, na kila kilipofika ng'ambo salama walidhani kule kufika ndiyo dalili kuwa hapana ubaya. Nasi tuliopanda matatu ile hatuna usalama wa kujisifu. Tulikuwa twamwona makanga ashuka mbio kutia jiwe chini ya gurudumu kila gari lisimamapo mlimani. Sote tulijua maana ya jiwe lile. Tukanyamaza, kwa kuwa nauli ilikuwa rahisi na tulikuwa na haraka.

Mtu aweza kusema kuwa huenda mwenye gari hakujua kuwa ubovu ulikuwa umefika kadiri ile. Kutojua ni udhuru, lakini si kila kutojua. Abu Daud amepokea kwa Jabir khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, akaoga, akafa. Wenzake hawakumtakia mauti, wala hawakuijua hukumu. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoambiwa aliwakemea kwa maneno makali, akawanasibishia kifo chake, kwa kuwa waliweza kuuliza wasiulize. Mwenye gari hakuhitaji hata kuuliza. Aliletewa khabari mpaka mlangoni kwake.

Na dereva je? Hapa twataka tuwe waadilifu, maana wengine waliposikia haya walifurahi wakadhani sasa ametoka kabisa. Hakutoka. Maulamaa wameafikiana kuwa mtu hata akitishwa kuuawa, si halali kwake kumuua asiye na hatia ili ajiokoe. Basi seuze kutishwa kwa kufutwa kazi. Kweli, yeye hakuambiwa aue. Aliambiwa achukue hatari, na khofu ya kodi na ya watoto wake ni jambo zito katika mizani. Hapana haki kwa hakimu kulipuuza. Lakini uzito ule wapunguza lawama, hauigeuzi ikawa si lawama. Alikuwa aweza kwenda polepole, aweza kuiepuka njia ya mteremko, aweza kuwaambia abiria. Mwenyewe ndiye aliyetuambia hayo, sisi hatukumwuliza.

Wale waliosema anyongwe, hao hawakusikiliza hata neno moja kabla ya kuhukumu. Sharia ya nchi yenyewe haisemi hivyo: mwenye kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10. Na hata katika kuua kwa kusudi, ambako kifungu cha 204 cha sharia ya jinai ya Kenya kilimlazimu jaji kutoa hukumu ya kifo na asiwe na njia nyingine, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 14 Disemba 2017 kuwa ulazima huo wapingana na Katiba. Jaji alikuwa aweza kuyasikia masikitiko ya mtu, umri wake, na yaliyompata, kisha asiweze kuyatia mizanini. Kusikiliza kusikobadilisha neno si kusikiliza. Mtume wetu (s.a.w.) alipojiwa na Maiz akikiri zina kwa ulimi wake alimgeuzia uso mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu, akamfungulia milango ya kurudi. Hayo ni kwa mtu aliyekiri. Sisi barazani twamnyonga mtu kabla kahawa haijapoa.

Na jambo jingine twalisema ijapokuwa litawaudhi baadhi ya ndugu zetu. Mtoto wetu akikosa, twamtafutia udhuru sabini. Na akikosa mtu wa bara aliyepanga chumba mtaani, hatumtafutii hata mmoja. Huyu dereva ni kijana wetu, na babaye alisoma nasi. Lau angalikuwa mgeni, je, kundi la kadari lingekuwa kubwa vile?

Tulirudi kwa yule mama tukamwomba radhi, tukamweleza haki yake ilivyo, na kuwa kusamehe na kutosamehe ni hiari yake, na hapana sheikh wa kumharakisha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema atafikiri. Hatujamwuliza tena, wala hatutamwuliza.

Kijana alikuja mwenyewe. "Sheikh, nifanyeje?" Tukamwambia, "Mwanangu, mahakamani sema kweli yote, na ya breki uitaje." Yuko katika mwezi wa pili wa saumu yake, na sasa achukua mizigo sokoni. Mwenye gari tulimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alitukumbusha mbuzi na gunia la mchele. Tukamwambia kuwa chakula kile tulikila sisi, si mama wa mtoto. Mara ya pili alisema bima italipa. Bima ikilipa na ilipe, lakini bima haikuambiwa khabari ya breki siku ile, yeye ndiye aliyeambiwa. Akasema ana wageni ndani, nasi tukaondoka. Tutakwenda tena, inshallah, na safari hii tutakwenda watu wengi zaidi.