Nani Amiliki Moto?

Mwaka 2018, The Boring Company, kampuni ya Elon Musk, iliuza mitambo 20,000 ya kurusha moto kwa dola 500 kila mmoja. Iliisha kwa siku chache tu. Iliitwa Not-a-Flamethrower, maana yake "hiki si kitu cha kurusha moto", kwa sababu, kama alivyoeleza Musk mwenyewe, kuna forodha zilizokataa kupitisha mzigo wenye jina hilo. Badilisha jina, mzigo upite. Hapo Mkenya hahitaji kufundishwa.

Ile ya Musk ilikuwa mchezo: tochi ya gesi ya mafundi wa paa iliyovalishwa umbo la bunduki. Mitambo halisi ni ile ya vita. M2, ambayo askari wa Marekani waliibeba mgongoni katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na uzito wa kilo 31 hivi ikijazwa, na mafuta yake yote yaliisha kwa sekunde zisizofika kumi. Mafuta hayo yalikuwa petroli iliyofanywa nzito ili inate: kwenye ukuta, kwenye nguo, kwenye ngozi. Jeshi la Marekani liliacha kuitumia mwaka 1978. Raia, kwa upande wake, bado anaweza kuinunua. Kwa sheria ya taifa zima la Marekani, mtambo huo hauhesabiwi kuwa bunduki. Maryland wameupiga marufuku, California wanadai kibali, na kwingi kwingine ni pesa yako tu.

Ningecheka nisonge mbele, lakini mjomba wangu aliona video. Analima mtama na mawele nje kidogo ya Ishiara, huku Mbeere, na adui yake ni kweleakwelea. Ndege mmoja hula kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Si kitu. Lakini hawaji mmoja mmoja. Kundi la ndege milioni mbili linakula tani ishirini kabla jua halijazama. Kuamia shamba, yaani kukaa pale alfajiri hadi magharibi ukipiga mabati na kurusha mawe kwa kombeo, kunakula watoto wa shule na migongo ya wazee. Kwa hivyo mjomba alipoona Mmarekani akiteketeza magugu kwa ulimi wa moto wa mita kumi, hakuona silaha. Alinipigia simu: "Mwanangu, hiyo kitu inaweza kuletwa huku? Ndege wanalala kwenye migunga pale chini. Usiku mmoja tu, wanaisha."

Na usimcheke. Miaka ya 1950 wataalamu wa kilimo katika sehemu mbalimbali za Afrika walijaribu mambo hayo hayo: mitambo ya kurusha moto na baruti kwenye miti wanakolala kweleakwelea. Waliua wengi mno, na kweleakwelea bado wapo. Siku hizi serikali hunyunyiza dawa. Januari 2023 ilinyunyizwa fenthion kwenye mashamba ya mpunga ya Kisumu, na mara moja watu wakaanza kuuliza kuhusu mwewe na viumbe wengine watakaokula mizoga. Kwa hivyo swali la mjomba ni swali halisi la mtu mwenye njaa mbele yake: kama kitu kinaweza kuokoa mavuno, kwa nini nikikatae eti kwa sababu kilizaliwa jeshini?

Hoja hiyo ya kuzaliwa jeshini mimi naitupa mapema. Angalia jerikeni. Ilibuniwa miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi la Ujerumani, lita ishirini za mafuta ya vita, na hata jina lake linatokana na vile askari wa Kiingereza walivyowaita Wajerumani: Jerry. Leo kila nyumba Ishiara inayo, ya plastiki, ya njano, ikipanda kutoka mto Thuci juu ya punda. Chombo hakirithi dhambi ya babu yake. Upande wa pili tuna panga, lililotengenezwa kwa shamba, na tunajua lilifanya nini mwanzoni mwa 2008.

Watetezi wa mitambo hii wana hoja ya pili, iliyo ngumu zaidi: kibiriti na petroli vipo kila mahali, kwa hivyo ukizuia mtambo umezuia nini? Na kweli, tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wakiwa wengi. Hakuna aliyehitaji mtambo. Siwezi kuipita hoja hii kwa haraka. Lakini naona inathibitisha kinyume chake. Kuchoma kwa kibiriti kuna hatua: utafute petroli, usogee karibu, umwage, uwashe. Katika kila hatua kuna nafasi ya mkono kutetemeka, ya jirani kukushika shati, ya kuona sura ya mtu. Kiambaa hatua hizo zote zilivukwa, na ndiyo maana tunaiita uovu. Mtambo kazi yake ni kuzifuta hatua hizo. Unasimama mita ishirini nyuma, unabana kidole, na baada ya sekunde saba hakuna cha kuzungumza.

Hoja ya tatu ndiyo mjomba aliitumia nilipomwambia hapana. "Mimi ni mtu mwangalifu. Nimechoma shamba miaka arubaini." Ni kweli, ni mwangalifu. Nimemwona akichoma majani: anasafisha ukanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba, anangoja upepo utulie jioni, na haanzi kabla hajawaambia majirani, ambao huja na matawi mabichi na jerikeni za maji. Ila sikiliza vizuri hapo. Uangalifu anaousema si wake peke yake. Ni wa majirani watano. Tunasema "mimi ni mwangalifu" kana kwamba usalama unakaa kifuani mwa mtu mmoja, kumbe ulikuwa unakaa kwenye mpaka wa mashamba, kwa watu waliosimama macho.

Na hapo ndipo nafikia msimamo wangu. Tukijadili umiliki wa kitu cha hatari huwa tunauliza: je, ni silaha au ni kifaa? Au: je, mwenyewe ni mtu mzuri? Kenya, kumiliki bunduki kunahitaji cheti, na cheti kinampima mtu. Sawa. Lakini moto ukishatoka haubaki na mtu aliyepimwa. Iwashe ile migunga usiku, na pamoja na kweleakwelea inaungua mizinga ya nyuki ya jirani iliyoning'inizwa humo, malisho ya mbuzi wa mwingine, na upepo ukigeuka, moto unapanda Kiang'ombe, mlima ambao si wa mtu mmoja. Swali la haki basi ni hili: jambo likiharibika, hasara inamfuata nani? Kama inawafuata watu ambao hawakuulizwa, kitu hicho hakiwezi kuwa mali ya binafsi, hata mwenyewe awe malaika.

Kuna kichekesho kichungu katika sheria za dunia. Itifaki ya mwaka 1980 kuhusu silaha za moto inakataza majeshi kuwashambulia raia kwa silaha hizo. Tumekubaliana kumlinda raia dhidi ya moto wa askari. Raia dhidi ya moto wa raia mwenzake, hilo tumewaachia wauzaji. Mwaka 2024 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza mbwa wa roboti mwenye mtambo wa moto mgongoni, dola 9,420. Hata mkono wa kutetemeka haupo tena.

Najua kinachobaki. Ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa Nairobi, ugali wangu ukitoka dukani. Ukimwambia mkulima hapana kisha ukaondoka, umemwachia ndege na mahubiri. Kama tunaamini moto ni wa wote, basi na ndege ni wa wote: kuamia kusiwe mzigo wa mzee mmoja na wajukuu wake, na msaada wa serikali ufike kabla mtama haujakauka, siyo baadaye na kamera. Msimu huu mimi na binamu zangu tunachanga pesa za nyavu na za vijana wawili wa kuamia. Mjomba amekubali, kwa shingo upande. Anasema nyavu hazitatosha ekari zote, na kwa hilo ana haki.