Kumradhi Isiyongoja Radhi

Katika adabu za watu wa Pwani hakuna aliyekatazwa kumwambia mwenziwe neno zito. Kilichokatazwa ni kumtupia neno hilo bila ya kulitengenezea njia, na kwa sababu hiyo lugha yetu ikajaaliwa maneno ya kutangulizwa, kama samahani, kumradhi, niwie radhi na hashakum, ambayo humpa msikilizaji nafasi ya kujiweka tayari na humkumbusha msemaji kwamba heshima ya mtu ni amana. Mwana Kupona, alipomuusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858, akiisha kumhimiza dini hakukawia kufika kwenye adabu na ulimi. Lakini maneno haya ya stara siku hizi yamegeuzwa kuwa cheti cha ruhusa, na mwenye kulitanguliza mojawapo hudhani kwamba baada yake ni halali kusema lolote.

Hashakum ndiyo iliyodhulumiwa kuliko yote. Mzee aliyekuwa na haja ya kutaja choo, au mbwa, au maradhi ya aibu mbele ya watu wa heshima, alilitamka neno hili kwanza, akikusudia kuwatenga waliohudhuria na uchafu wa kitu anachokitaja. Leo utamsikia mtu akisema, "Hashakum si matusi, lakini wewe akili zako za punda," na hapo neno lililowekwa ili kumtenga msikilizaji na punda limetumiwa kumfunga naye zizi moja.

Nenda jikoni kwenye shughuli ya harusi, masufuria yangali mekoni na wanawake wamekusanyika, umsikie mmoja akimwambia mpishi kwa sauti ya kufika uani: "Usichukie shoga yangu, nakwambia kwa kuwa nakupenda, na mimi mdomo wangu hauna kizibo, lakini pilau yako leo imekuwa bokoboko." Ametaja mapenzi yawe shahidi wake, ametaja kasoro ya mdomo wake iwe udhuru wake, na tusi lenyewe halikupungua hata chembe. Ubaya wake mkubwa ni kuwa aliyetiwa aibu amenyimwa hata haki ya kukasirika, kwa maana amekwisha ombwa asichukie, na akinuna ataambiwa kuwa hapendi kuambiwa kweli. Naye msemaji atajikinga kwa ile kauli kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, kana kwamba kweli haina mahali wala wakati wake. Pilau ikiisha haribika, kweli hiyo yamfaa nani mbele ya wageni?

Wako pia wanaotukana kwanza kisha wakasema, "Nakutania tu." Utani wetu una mipaka yake ijulikanayo: babu na mjukuu, mabinamu, au makabila ambayo wazee wao waliwekeana ada hiyo. Tena mtani anayekucheka ndiye huyo huyo atakayefika msibani kwako kufanya kazi na kuwachekesha wafiwa, hivi kwamba maneno yake yana malipo anayoyatoa kwa mikono yake. Asiyekuwa mtani wako, wala hatarajii kukubebea jeneza, hana utani, ana ufidhuli.

Njia ya wazee haikuwa ngumu. Mwenye neno alimngoja mwenziwe watu watawanyike barazani, akamwambia, "Mwanangu, nina neno langu, ukiniwia radhi nitalisema," kisha akanyamaza mpaka ajibiwe, "Sema, baba." Kule kunyamaza ndiko kulikokuwa na adabu yote, kwani aombaye ruhusa hana budi akubali kwamba huenda akanyimwa, na wakati anapongoja hupata kulipima neno lake upya, akaondoa lililo la hasira na kubakiza lililo la faida, na mara nyingine akaliacha lote. Wenzetu wa sasa huomba radhi na kutukana kwa pumzi moja.

Basi, ewe msomaji, ukijikuta umesema kumradhi, ngoja ujibiwe. Na kama unaona kwamba hilo unalotaka kusema haliwezi kungoja, au kwamba ungelisema vilevile hata kama ungenyimwa ruhusa, iache kumradhi mahali pake na ulimeze neno lako.