Saa ya Mtoto ni ya Nani?



Katika darsa yetu ya baada ya Maghrib hapa Mbale, dada mmoja anayesomea ualimu alileta swali lililotukalisha mpaka ikaadhiniwa Isha. Alisema siku hizi wapo wazazi, wengi wao wenye uwezo, wanaotafuta shule ya namna nyingine. Mtoto huwa na walimu siku mbili au tatu tu za wiki, na siku hizo masomo hufanyika nje: chini ya mti, shambani, kando ya maji. Siku zilizobaki husoma nyumbani na wazazi wake. Wanaiita shule mseto. Wanasema mtoto huelewa zaidi na moyo wake hutulia. Dada akauliza: mzazi Mwislamu akifanya hivyo, amemtimizia mtoto haki yake au ameichezea? Ndugu mmoja akajibu kwamba huo ni mchezo wa matajiri wa kule Jinja. Mwingine akasema hayo ndiyo malezi ya asili, darasa lililetwa na wakoloni. Sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na jambo ambalo Uganda inalijua kuliko nchi nyingi. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Oktoba mwaka huo wakarudi kwanza wenye mitihani, Juni 2021 zikafungwa tena, na wote hawakufunguliwa milango mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 walikuwa nyumbani na nje, yaani katika sehemu zile zile mbili ambazo shule mseto inazisifu. Serikali ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa karatasi zilizochapishwa. Mwenye redio na betri alisikia, mwenye simu nzuri alisoma na mwalimu wake, na wengine walichukua jembe. Wapo wasichana waliorudi shuleni na mtoto mgongoni, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Kama hewa safi na nyumba vingetosha kumlea mtoto, miaka ile miwili ingekuwa ya neema. Kwa hiyo anayesifu mti peke yake hajasema kitu.

Nenda sasa barabara ya kutoka Jinja kuja Mbale. Ukiwa bado upande wa Kakira unapita katikati ya miwa, na katika miwa ya Busoga utawakuta wavulana wa umri wa darasa la sita wakikata na kupakia ili walipwe. Ukishaingia barabara ya Tirinyi unafika kwenye mabonde ya mpunga, ambako mtoto hukaa kutwa kufukuza ndege. Watoto hawa wako nje tangu asubuhi. Mtoto wa shule mseto naye yuko nje. Jua ni moja, udongo ni mmoja. Tofauti yao ni nini?

Nilidhani kwanza tofauti ni kazi: huyu anafanya kazi, yule anasoma. Lakini jibu hilo linavunjika mara tu ukilipeleka kwenye sira. Mtume wetu (S.A.W.) alilelewa jangwani kwa Bi Halima wa Bani Saad, na alipokua alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira. Hadithi ya Bukhari inatueleza kuwa hakuna Nabii ambaye hakuchunga. Hiyo ilikuwa kazi, tena ya malipo, na wanazuoni wameona ndani yake mafunzo ya subira na ya kumhurumia aliye dhaifu. Basi kazi si aibu wala si kinyume cha elimu. Mtoto wa Kigisu anayempeleka mbuzi malishoni na kumrudisha bila kupotea amejifunza jambo ambalo ubao haulifundishi.

Nadhani swali lenyewe ni hili: saa ile ni ya nani? Ikiisha, kinabaki nini kwa mtoto? Mchungaji hubaki na uangalifu na upole. Mvulana wa miwa hubaki na kovu la panga na noti ambayo mara nyingi imeshapangiwa matumizi na mtu mwingine. Saa yake imeliwa.

Kipimo hiki hakitupi raha sisi tunaolisifu darasa, maana kinaingia mpaka ndani. Mtazame mtoto wa darasa la saba katika shule nyingi za bweni. Anaamshwa kabla ya Alfajiri, si kwa ajili ya swala, kwa ajili ya masomo ya ziada. Anakaa kwenye dawati mpaka usiku. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, idadi ya waliopata daraja la kwanza huandikwa kwenye bango getini ili mwaka ujao ada ipande. Saa za mtoto yule zilikuwa za nani? Sisemi mtihani ni batili. Mimi mwenyewe niko chuoni kwa sababu ya mitihani. Ninasema anaweza kukaa kivulini, na sare yake safi, na saa yake ikaliwa kama ya mwenzake wa kwenye miwa.

Wanazuoni wetu waliliona hili zamani. Imam Ghazali, katika Ihya, anataka mtoto aachiwe acheze mchezo mwema baada ya masomo, kwa sababu kumzuia mchezo na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake, huzima akili yake, na humfanya atafute hila za kukwepa masomo. Ibn Khaldun katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, anasema ukali wa mwalimu humfundisha mtoto uongo na udanganyifu, kwa kuwa anaonyesha lisilo moyoni ili aepuke kipigo. Watu hawa wawili hawakuwa wakizungumzia starehe. Walikuwa wakizungumzia tabia, na tabia ndiyo tunayodai kuijenga.

Nje kuna nini basi, ambacho darasa halina? Kwa maoni yangu nje kuna kitu kimoja kikubwa: vitu hujibu vyenyewe. Mbegu isiyomwagiwa maji haioti hata mwalimu akiwa amekuwekea alama ya vema. Surat al-Ghashiya inapowaamsha watu haiwapeleki kwenye kitabu. Inawauliza kuhusu ngamia, mbingu, milima na ardhi.

Chukua kijiti cha mita moja, kisimike uwanjani hapa Mbale, uwape watoto kamba na rula. Waambie watafute wakati wa Adhuhuri bila saa. Wataona kivuli kinafupika, kinasimama, kisha kinaanza kurefuka kuelekea mashariki. Watagundua kwamba jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Karibu mwaka mzima huchelewa kwa zaidi ya nusu saa, na mtoto mwenye akili atauliza kwa nini saa ya ukutani inadanganya. Hapo umeingia kwenye jiografia bila kufungua kitabu. Kama ni Juni, kivuli kifupi kabisa kitakuwa na sentimita kama 40 na kitalala kuelekea kusini. Rudini Desemba: kimehamia kaskazini. Mwisho wa Machi karibu kinatoweka. Mtoto wa Cairo au wa London haoni kivuli cha adhuhuri kikigeuka hivi. Sisi tunakiona kwa sababu ikweta iko hapa karibu, upande wetu wa kusini. Kisha waambie watafute Alasiri kwa madhehebu ya Shafi: urefu wa kijiti ujumlishwe na kivuli cha adhuhuri, yaani mwezi Juni sentimita 140 hivi. Hesabu, fiqhi na sayansi zimekaa kwenye mkeka mmoja. Na aliyekosea hahitaji fimbo, kivuli kimeshamwambia. Anapima tena. Hofu inaondoka, na hofu ikiondoka mtoto mzito huanza kuuliza.

Nisieleweke kwamba nje ni peponi. Maji ya Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, ni mazuri kwa macho lakini yana kichocho. Hapa Mbale, mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku ikaua watu. Machi 2010 kilima kiliporomoka Nametsi, huko Bududa, kikafukia kijiji. Mwalimu anayewatoa watoto nje bila kujua haya amezembea amana. Lakini mtoto wa mlimani anayefundishwa kuutazama mteremko, akajua kwamba nyufa mpya ardhini ni dalili ya kuhama, anajifunza jambo linaloweza kumwokoa yeye na nyumba yao.

Linabaki pingamizi la ndugu yule wa kwanza, nami naliona ndilo zito zaidi. Nusu ya shule mseto iko nyumbani. Inataka mzazi aliyesoma na aliye na nafasi. Mama anayeuza nyanya soko la Namatala mpaka usiku atafundisha saa ngapi? Kama jambo hili ni jema na linawafikia wenye magari tu, basi tumeongeza umbali kati ya watoto wetu. Tangu 1997, elimu ya msingi ya bure ilipoanza, tumeona jinsi madarasa yalivyojaa na wenye fedha walivyoondoka kimya kimya. Shule mseto inaweza kuwa mlango mwingine wa kutokea.

Ila sisi Waislamu tumekuwa na mseto siku zote na hatukuupa jina. Mtoto wetu wa Jinja au Mbale huenda shule ya serikali Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili yuko madrasa. Nusu ya pili ambayo mama wa sokoni hawezi kuibeba imeshabebwa na msikiti, kama faradhi ya kutosheleza inavyotaka. Haina ada kubwa, haina mtihani wa taifa, haina bango getini. Ni saa ambazo hakuna anayezidai isipokuwa mtoto na Mola wake. Na tunazifanyia nini? Katika madrasa nyingi tunawafungia watoto chumbani, tunaimba herufi kwa pamoja, na bakora iko dirishani. Tumechukua sehemu pekee ya wiki iliyokuwa huru tukaifananisha na darasa walilolikimbia Ijumaa.

Wengi wenu mnaosoma jarida hili mnafundisha katika madrasa hizo mwisho wa wiki, kwa hiyo nasema na nyinyi. Hifdhi ibaki asubuhi, ndani, kwa utulivu wake. Baada ya hapo watoto watoke: kijiti na kivuli, kupima maji ya udhu kwa kopo, kutafuta kibla, ambayo kutoka hapa ni kaskazini ikiinama kidogo mashariki, mlima Wanale ukiwa kuliani. Vifaa vyote havifiki bei ya mikate miwili. Kinachokosekana ni watu. Mwalimu mmoja anaweza kuwatazama watoto arobaini chumbani. Nje hawezi, hasa penye mto karibu au bodaboda zinazopita. Ninahesabu walimu wanne kwa kila madrasa. Ninayofundisha mimi ina wawili, na mmoja wao anamaliza chuo muhula huu.